Kigunduzi cha Kumbukumbu Inayovuja: Nani Atakipima?

Ukisikia neno "kuvuja" hapa kwetu Eastlands, mawazo yako huruka moja kwa moja hadi kwenye paa la mabati wakati wa masika, au kwenye ule mfereji uliopasuka kando ya barabara, unaotiririsha maji usiku kucha huku mitungi nyumbani ikiwa mikavu. Leo nataka kukueleza uvujaji wa aina nyingine kabisa. Huu hauloweshi mtu, haunuki wala hausikiki. Ni uvujaji wa kumbukumbu ndani ya tarakilishi, au kompyuta kama tunavyoiita mtaani. Tena sitaishia hapo. Kuna programu zilizoundwa makusudi ili kuugundua uvujaji huo, na swali langu hasa ni hili: tutajuaje kwamba kigunduzi chenyewe kinafanya kazi?

Kwanza kabisa tuelewane kuhusu programu ninazozungumzia. Mtu huandika maagizo yake katika lugha kama Pascal au C. Maagizo hayo hupitishwa kwenye programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo huyageuza yote kwa mkupuo mmoja kuwa lugha ya mashine, yaani zile sufuri na moja ambazo hutusumbua sana hapa Kidato cha Tatu. Kuna lugha nyingine, kama Java na Python, ambazo huja na mfagizi wao wa ndani. Mfagizi huyo hupita akiokota kumbukumbu zilizoachwa ovyo. Pascal na C za kawaida hazina mfagizi. Ukiomba nafasi, ni wewe mwenyewe utakayeirudisha, na usipoirudisha hakuna wa kukukumbusha.

Chukua mfano wa fleti za huku Umoja au Kayole. Keateka ana vyumba 60, na ubaoni ana funguo 60. Mpangaji akija hupewa ufunguo. Akihama huurudisha, na chumba hupewa mwingine. Sasa tuseme mpangaji fulani ana deni la kodi, anahama saa nane usiku na mkokoteni wake na kuondoka na ufunguo mfukoni. Chumba kipo. Hakijabomoka, na ndani hamna hata mende. Lakini kwenye daftari la keateka chumba hicho kina mtu, kwa hivyo hakiwezi kupangishwa. Wakifanya hivyo wapangaji wote 60, mmoja mmoja, mwisho fleti nzima itakuwa "imejaa" ilhali haina mtu hata mmoja!

Hivyo ndivyo kumbukumbu huvuja. Katika Pascal, agizo new ndilo la kuomba chumba, agizo dispose ndilo la kurudisha ufunguo, na kile kitu tunachokiita kielekezi ndicho ufunguo wenyewe. Ukikielekeza kielekezi mahali pengine kabla ya kufanya dispose, basi umeutupa ufunguo mtaroni. Programu haitalalamika. Itaendelea na kazi kama kawaida, ikiomba vyumba vipya, mpaka siku ambayo hakuna chumba. Hapo ndipo watu wa saiba husema "mashine imejamu", wanaizima na kuiwasha, na mambo yanakuwa sawa tena. Waama, kuizima husaidia kweli, kwa sababu programu inapokoma, mfumo wa kompyuta huvunja milango yote na kuchukua vyumba vyote upya. Ndiyo maana programu ya dakika mbili inaweza kuvuja na usijue maishani mwako. Zinazoumia ni zile zinazofanya kazi mchana na usiku bila kuzimwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kikijaa hakuna wa kushangilia.

Usidhani nakutishia bure. Mwaka 1992, huko London, idara ya ambulensi ya jiji iliweka mfumo mpya wa kompyuta wa kupokea simu za wagonjwa na kuyatuma magari. Mfumo ulianza tarehe 26 Oktoba na ulileta vurugu siku hiyo hiyo, kwa sababu nyingine ambazo si za makala haya. Kisha tarehe 4 Novemba, muda mfupi baada ya saa nane usiku, mfumo ulianza kupunguza mwendo, halafu ukaganda kabisa. Waliokuwa zamu walijaribu kuzima na kuwasha vituo vyao vya kazi. Wapi! Ikabidi warudie karatasi, simu na redio. Uchunguzi uliotolewa Februari 1993 ulieleza chanzo chake: wiki kama tatu hivi kabla ya hapo, mwanaprogramu alikuwa amefanya kazi fulani kwenye mfumo na kuacha kipande kidogo cha maagizo ndani yake. Kutokana na kipande hicho, kila gari lilipotumwa, kiasi kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta kuu kilichukuliwa na hakikurudishwa. Gari moja, punje moja. Wiki tatu baadaye ghala likawa tupu. Tena kulikuwa na kompyuta ya pili ya kupokea mzigo ya kwanza ikianguka, lakini mpango huo haukuwa umekamilishwa. Bahati ni kwamba ilikuwa usiku wa manane na simu zilikuwa chache.

Tufanye hesabu ya mfano tu, si ya London yenyewe. Tuseme kila safari inaacha kilobaiti 1, na kuna safari 2,000 kwa siku. Hiyo ni kama megabaiti 2 kwa siku, na kwa siku 21 ni megabaiti 42. Kwa simu unayoitumia leo hiyo ni picha chache tu. Kwa kompyuta ya mwaka 1992 huo ulikuwa utajiri mkubwa.

Kitu kilichonishangaza zaidi katika uchunguzi huo ni kwamba walisema kosa la aina hii lisingetarajiwa kuonekana kwa majaribio ya kawaida. Ukifikiri utaona ni kweli. Mjaribu hutuma gari moja, analiona limeenda, anaweka alama ya pata. Hutuma la pili, pata. Hakuna anayetuma magari elfu arobaini kabla ya chakula cha mchana. Kwa hivyo inahitajika mashine ya kuichunga mashine.

Mashine hizo zipo za namna nyingi. Wakati wa Turbo Pascal, ile iliyotamba miaka ya themanini na tisini, watu walitumia njia ya maskini: waliuliza kwa agizo MemAvail ni kumbukumbu ngapi zilizo huru mwanzoni, wakauliza tena mwishoni, wakatoa. Tofauti isipokuwa sufuri, kuna mahali panavuja. Njia hiyo hukuambia kiasi lakini haikuambii ni wapi. Siku hizi tuna Free Pascal, isiyouzwa, ambayo huja na yuniti iitwayo heaptrc. Huhitaji kubadilisha hata herufi moja ya programu yako. Unaongeza tu alama -gh unapoipitisha kwenye kompaila. Kuanzia hapo, kila new na kila dispose hupitia mikononi mwa heaptrc. Kila chumba kinachotolewa hubandikwa kibandiko kidogo chenye ukubwa wake na mahali kilipoombwa. Programu ikikoma, heaptrc husoma daftari lake na kutangaza ni vyumba vingapi vilitolewa, vingapi vilirudi, na vingapi havikurudi. Ukiongeza -gl utapewa hata namba ya mstari kwenye programu yako. Kwa upande wa C na mashine za Linux kuna Valgrind, ambayo Julian Seward aliitoa mwaka 2002, nayo hufanya kazi kwa njia nyingine nitakayoigusa baadaye.

Sasa tuje kwenye kiini. Tuseme umeiendesha programu yako chini ya kigunduzi nacho kimesema: sufuri. Je, utafurahi? Sufuri hiyo inaweza kumaanisha kwamba programu ni safi. Pia inaweza kumaanisha kwamba kigunduzi kimelala. Ni kama askari wa usiku wa mtaani: asubuhi ukiamka na hujaibiwa, hujui kama alikesha au kama wezi walikuwa na shughuli kwingine.

Mafundi wa maji wanalijua jambo hili. Ukitaka kujua kama bomba la nyumbani linavuja, unafunga mifereji yote na kuitazama mita. Mita isipozunguka, husemi hakuna uvujaji mara moja. Kwanza unafungua mfereji mmoja kidogo tu, maji yadondoke tone tone, kisha unaitazama mita tena. Ikizunguka, basi mita ni hai na ile sufuri ya kwanza ilikuwa sufuri ya kweli. Isipozunguka, mita yenyewe ndiyo mgonjwa. Kigunduzi cha kumbukumbu nacho hupimwa vivyo hivyo: unakitengenezea uvujaji unaoujua wewe mwenyewe, halafu unaona kama kitaupata.

Sisi wanachama wanne wa klabu ya kompyuta tulifanya hivyo muhula wa pili, jioni baada ya michezo, kwa kompyuta kuukuu ambayo feni yake hulia kama mashine ya posho. Sababu yetu ilikuwa ya kweli. Tunaandika programu ya kuhesabu vitabu vya maktaba ya shule, nayo itawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, siku tano kwa wiki. Ikijamu saa nne wakati wa mapumziko, foleni ya wanafunzi itafika hadi langoni, na vitabu vitatoka bila kuandikwa. Kitabu kilichotoka bila kuandikwa, si unajua, ni vigumu kurudi.

Tulianza na programu safi: inaomba vyumba 1,000 vya baiti 64 kila kimoja na kuvirudisha vyote. Heaptrc ikasema havikurudi 0. Vyema, ila hiyo ndiyo sufuri isiyotosha.

Jaribio la pili lilikuwa la siri. Mwenzetu mmoja alikaa peke yake na programu hiyo akaitoboa matundu bila kutuambia idadi, akaiandika kwenye karatasi na kuikunja. Sisi tukaiendesha. Kigunduzi kikasema vyumba 37 havikurudi, jumla baiti 2,368. Tukazidisha 37 kwa 64, ni 2,368. Karatasi ikafunuliwa: 37! Nasisitiza hapa kwamba anayetoboa asiwe ndiye anayesoma majibu. Mtu akishajua jibu, macho yake hulitafuta jibu hilo, na akiona 36 atasema labda ni hesabu ya mwanzo haikuingia. Mbali na hayo, tulimtaka atoboe mahali tofauti: ndani ya mzunguko, ndani ya kazi ndogo inayoitwa na nyingine, na mahali ambapo kielekezi kinabadilishwa kabla ya dispose. Kigunduzi kinachoona tundu la aina moja pekee ni nusu kigunduzi.

Jaribio la tatu ndilo lililonifungua macho. Tuliweka tundu ndani ya sehemu ya programu inayoshughulikia vitabu vilivyochelewa kurudishwa. Tukaipa programu majina ya wanafunzi 50, wote wakiwa wamerudisha kwa wakati (ndoto, najua). Jibu: 0. Tukaipa orodha nyingine yenye wachelewaji 8. Jibu: 8. Kigunduzi hakikubadilika, na programu haikubadilika. Kilichobadilika ni njia iliyopitwa. Kigunduzi cha namna hii hakibashiri. Huona tu kilichotendeka mbele yake. Kwa hivyo sufuri yake husema "katika njia mlizopita leo", haisemi "katika programu yote". Ukitaka kukitumia vizuri lazima uipitishe programu kwenye vichochoro vyote, hata vile vya siku ya mwisho wa muhula.

Kisha palizuka ubishi. Tulitengeneza programu inayoshika orodha ya vitabu 250 tangu mwanzo hadi mwisho, na kukoma bila kuirudisha. Orodha hiyo haikupotea. Ilikuwa inatumika mpaka dakika ya mwisho. Heaptrc ikatangaza 250.

"Kwani hii kitu inasema uongo?" akauliza mwenzangu. "Hiyo si kuvuja. Bado nilikuwa na ufunguo!"

Kwa maoni yangu hakuna uongo. Heaptrc inajibu swali moja tu: nani hajarudisha ufunguo? Haiulizi kama bado yumo chumbani. Valgrind ndiyo huuliza swali hilo la pili. Programu inapokoma, huipekua kumbukumbu nzima ikitafuta kama kuna kielekezi popote kinachoonyesha kwenye kila chumba. Chumba ambacho ufunguo wake bado uko mfukoni mwa mtu huwekwa kwenye fungu lake, na chumba ambacho ufunguo hauonekani popote huitwa kimepotea kabisa. Ni mgawanyo wa maana sana, kwani 250 za fungu la kwanza hazikunyimi usingizi, lakini 3 za fungu la pili ndizo zitakazokuangusha.

Hata hivyo, njia hii ya kupekua mifuko ina udhaifu wake, na majaribio mazuri lazima yaulenge. Tuseme keateka anapekua wapangaji akitafuta karatasi yenye namba ya chumba. Anapata karatasi imeandikwa 58. Je, ni chumba 58, au ni matatu ya Buruburu? Hawezi kujua, kwa hivyo anaamua chumba 58 kina mtu. Vivyo hivyo, namba ya kawaida ndani ya kumbukumbu ikifanana kwa bahati na anwani, chumba kilichopotea kitahesabiwa kuwa kizima, na uvujaji utapita bila kuonekana. Kinyume chake pia hutokea. Kuna wanaprogramu wanaoficha vielekezi kwa kuvichanganya na namba nyingine ili kubana nafasi. Hapo ufunguo upo lakini haufanani na ufunguo, na kigunduzi hupiga kelele bure. Kwa hivyo kigunduzi hupimwa pande zote mbili: ni mangapi ya kweli kimeyakosa, na ni mangapi ya uongo kimeyapigia mbiu. Kinacholia kila wakati kina hasara kama kile kisicholia kabisa, maana watu hukizoea na kuacha kukisikiliza.

Jaribio la tano, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, lilirudi London. Tuliandika programu inayoongeza chumba kimoja cha baiti 64 kwa kila kitabu kinachoazimwa, na hairudishi hata kimoja wakati wa kazi. Lakini mwishoni kabisa, kabla ya kukoma, inarudisha vyote kwa adabu. Tukaiamuru iazime vitabu 100,000. Heaptrc ikasema: 0. Safi kama pamba! Tukaiendesha tena kigunduzi kikiwa kimezimwa, safari hii tukitumia agizo GetFPCHeapStatus, ambalo huonyesha kumbukumbu inayotumika saa ile ile, na kuandika namba kwenye faili kila baada ya vitabu 1,000. Namba zilipanda bila kushuka hata mara moja mpaka zikapita baiti milioni 6. Programu kama hiyo ingeachwa wiki tatu ingeiangusha kompyuta, na bado kigunduzi kinachohesabu mwishoni kingeipa alama zote. Programu isiyokoma haina mwisho wa kuhesabia. Kwa hiyo programu zinazohudumu mchana na usiku zinahitaji kupimwa zikiwa zinatembea, tena kwa muda mrefu, na mchoro wa namba zake utazamwe kama unapanda au umelala.

La sita lilikuwa fupi. Tuliiua programu katikati kwa lazima, kama vile stima imepotea. Hakukuwa na tangazo lolote, hata la sufuri. Ni vyema kulijua hili mapema, kwa sababu mtu akikuta ukurasa mtupu anaweza kudhani ni habari njema.

Kitu kingine cha kupima ni gharama. Vibandiko vya heaptrc hula kumbukumbu yenyewe, na Memcheck, ambacho ndicho chombo cha Valgrind kinachotafuta uvujaji, huifanya programu iende polepole kwa kiasi cha mara 10 hadi 30. Kazi ya dakika moja inaweza kuwa nusu saa. Ndiyo sababu watu huviwasha wakati wa majaribio na kuvizima programu inapoanza kuhudumia watu.

Programu yetu ya maktaba bado hatujaipeleka kwa mwalimu wa maktaba. Imepita majaribio manne, na la wachelewaji tunalirudia kwa orodha ndefu zaidi. Lililobaki ni la tano: tutaiwasha Ijumaa jioni ikiazima na kurudisha vitabu vya uongo mfululizo, na Jumatatu asubuhi tuisome ile faili ya namba, stima ikituruhusu. Programu sita za majaribio tumezihifadhi kwenye kompyuta ya tatu kutoka dirishani. Anayetaka kuzinakili aje na flashi yake, na anayeweza kututobolea tundu ambalo heaptrc haitaliona aje pia, ila karatasi yake ikunjwe vizuri.